CRAIG KELLY: BINGWA ALIYEIACHA NJIA ILIYOSHINDILIWA

Leo tuache siasa na bei ya mafuta kidogo. Nataka niwasimulie maisha ya jamaa mmoja aliyefariki zamani, mwaka 2003, ambaye huko kwenye nchi za baridi jina lake bado linatajwa kwa heshima kubwa, kama sisi tunavyomtaja mchezaji aliyestaafu huku bado anafunga magoli. Anaitwa Craig Kelly.

Najua kuna watakaoanza: we kijana umeishiwa habari, sisi na theluji wapi na wapi? Ni kweli, mimi mwenyewe theluji sijawahi kuikanyaga, naijua kwenye picha na video tu. Lakini kisa cha huyu bwana si cha theluji peke yake. Ni kisa cha mtu aliyekuwa juu kabisa kwenye kazi yake, analipwa vizuri, kila mtu anamsifia, halafu akashuka mwenyewe jukwaani akaenda porini kujifunza upya. Na huko porini ndiko alikofia. Je, alikosea? Someni mpaka mwisho ndo mnijibu.

UBISHI WENYEWE

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo. Wanaoteleza kwenye theluji wako wa aina mbili. Kuna wa skii, huyu anavaa vipande viwili virefu, kimoja kila mguu, na mikononi ana fimbo mbili. Halafu kuna wa ubao, huyu miguu yake yote miwili inafungwa kwenye ubao mmoja mpana, anashuka amesimama ubavu ubavu kama wale wanaopanda mawimbi ya bahari. Makundi haya mawili yamewahi kuchukiana sana, nitafika huko. Lakini yote mawili yana ubishi mmoja usioisha, kama wetu wa Simba na Yanga: utamu uko wapi, kwenye njia iliyoshindiliwa au kwenye theluji ya unga?

Njia iliyoshindiliwa ni ile ya ndani ya kituo cha skii. Usiku watu wamelala, zinapita mashine kubwa kama makatapila, zina minyororo mipana ili zisizame. Mbele zina sahani ya kusukuma theluji, nyuma zina mtambo wa kusaga mabonge na kulaza kila kitu. Asubuhi ukifika unakuta mlima umelainika, una mistari midogo midogo iliyonyooka kama kiwanja kilichopigwa reki. Kuna vibao vya kukuonyesha njia ipi ya wanaojifunza na ipi ya mafundi. Kuna viti vinavyoning'inia kwenye waya vya kukupandisha juu. Kuna watu wa doria, ukivunjika mguu wanakuja kukubeba.

Haya hayakuwepo tangu mwanzo. Zamani watu walipanga mstari wakaukanyaga mlima kwa skii zao wenyewe mpaka ukashikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kule Winter Park katika jimbo la Colorado, bwana mmoja aitwaye Steve Bradley akatengeneza chombo cha kuviringika ambacho mtelezaji anashuka nacho kikimfuata nyuma, kinalainisha theluji. Hebu fikiria unateremka mlima na mzigo wa chuma uko mgongoni kwako! Ndo wakaenda hivyo hivyo mpaka wakafikia mashine za leo.

Theluji ya unga ni kitu kingine kabisa. Ni ile iliyoanguka jana usiku nje ya njia, kavu, nyepesi, haijaguswa na mtu. Ukiingia unazama mpaka magotini, pengine kiunoni, na ubao unaelea ndani yake bila kelele. Wanaoijua wanakwambia ukishaionja mara moja, ile ya kushindiliwa unaiona kama ugali usio na mboga. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyeipima kwa niaba yako. Chini yake kuna mawe, magogo na mashimo, na kubwa kuliko yote, kuna matabaka. Theluji ya leo inalala juu ya ile ya jana, ya jana juu ya ile ya wiki iliyopita. Kama kuna tabaka bovu huko chini, yote ya juu yake inaweza kukatika kwa mara moja ikashuka na wewe. Hilo ndilo poromoko la theluji.

Basi, Craig Kelly aliishi pande zote mbili za ubishi huu, na kila upande alifika mbali.

KIJANA WA BAISKELI

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1966 huko Granite City, jimbo la Illinois, nchi tambarare karibu na mto Mississippi ambako mlima hakuna. Baadaye akakulia Mount Vernon, mji mdogo katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi kabisa mwa Marekani, si mbali na mpaka wa Kanada. Pale kijana akawa mtu wa baiskeli zile ndogo za mashindano, BMX. Alikuwa mzuri hata huko. Lakini karibu na Mount Vernon kuna mlima unaitwa Baker, na Mount Baker bwana si mchezo. Katika msimu wa 1998 hadi 1999 kituo cha skii cha pale kilipata theluji ya jumla ya karibu mita 29, rekodi ya dunia kwa msimu mmoja. Mita 29 ni kama ghorofa tisa hivi.

Kelly alianza kuteleza kwa ubao mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa bado kijana wa sekondari, pamoja na washkaji zake wa baiskeli. Wakati huo ubao wa theluji ulikuwa kitu kipya kabisa. Mwaka 1965 mzee mmoja wa Michigan, Sherman Poppen, alikuwa amefunga skii mbili pamoja ili binti zake wachezee. Mwaka 1977 Jake Burton Carpenter akafungua kampuni yake ya mbao hizo huko Vermont, na kule California alikuwepo Tom Sims naye anatengeneza zake. Mbao za mwanzo hazikuwa na makali ya chuma pembeni. Sasa hapa pana jambo la kuzingatia: ubao usio na chuma haushiki kwenye theluji iliyoshindiliwa, unateleza tu kama ndala kwenye vigae vyenye maji. Unafanya kazi vizuri kwenye theluji laini tu. Yaani mchezo huu wenyewe ulizaliwa kwenye unga, na njia iliyoshindiliwa ulikuja kuifuata baadaye, makali ya chuma yalipowekwa.

Na hata baada ya hapo, vituo vingi viliwafungia milango. Sababu zilikuwa nyingi: bima, usalama, eti wale vijana ni wahuni, wanakwangua theluji nzuri ya wenye skii. Wengi wakawa wanapanda mlima kwa miguu na ubao mgongoni. Baker kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyowakubali mapema, na kikundi cha kina Kelly kikajiita watu sugu wa Baker. Kwa hiyo kijana alipata bahati ambayo wengine hawakuipata: viti vya kumpandisha juu, na nje kidogo ya njia, theluji isiyoisha. Viwanja vichache vya Marekani, Alta ya jimbo la Utah kikiwa kimojawapo, viliendelea kuwakataa watu wa ubao hata karne mpya ilipoingia.

UBINGWA

Msije mkadhani alikuwa kijana aliyeshindwa shule. Alikuwa na kichwa. Aliingia Chuo Kikuu cha Washington kusomea uhandisi wa kemikali. Lakini mbao zikaanza kulipa, mashindano yakaongezeka, na akaacha masomo kabla ya kumaliza. Wazazi wanaosoma hapa najua mmeshika vichwa. Huo ulikuwa uamuzi wake wa kwanza wa kuacha kitu cha uhakika, na haukuwa wa mwisho.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 akawa hashikiki. Ubingwa wa dunia mara nne, wa Marekani mara tatu. Pale nyumbani Baker kuna mashindano maarufu ya kushuka kwenye bonde lenye kona zilizoinuliwa kingo, nayo alishinda zaidi ya mara moja. Mtindo wake ulikuwa wa utulivu. Wengine walirusha mikono hewani, yeye alishuka kama maji yanayotafuta mkondo. Angalieni video zake za zamani, hata kama hujui lolote kuhusu mchezo huu utaona kuna tofauti.

Kampuni zikamgombania. Alianza na Sims, halafu akahamia Burton, na hapo ikazuka kesi. Mahakama ikaizuia Burton isitumie jina lake kwenye bidhaa mpaka mambo ya mkataba yaishe. Burton wakafanya ujanja, wakauza ubao mweusi usio na jina la mtu, wenyewe wakauita wa kimafumbo tu, na kila mnunuzi akajua ni wa nani. Ukanunuliwa kwa fujo. Kesi ilipoisha wakatoa wenye jina lake waziwazi. Na hakuwa mtu wa kupigwa picha tu. Ile akili ya uhandisi aliitumia, anaujaribu ubao mlimani, anarudi na maelezo hasa ya wapi umekaa vizuri na wapi umekaa vibaya. Mbao nyingi zilizokuja baadaye zina mkono wake.

Sasa angalieni aina ya theluji iliyompa vyote hivyo. Mashindano yanafanyika kwenye theluji iliyotengenezwa. Ule mfereji mkubwa wenye umbo la nusu bomba unachimbwa, unashindiliwa, unachongwa. Njia ya mbio inawekewa milango, inapimwa, inagandishwa ili wa kwanza na wa mwisho wakute kitu kilekile. Na ni haki, maana bila hivyo huwezi kujua nani zaidi. Lakini maana yake ni kwamba mshindani anakuta kila kitu kimeshaamuliwa: aanzie wapi, apite wapi, aishie wapi, na kuna watu wamekaa mezani wanampa alama.

ANASHUKA JUKWAANI

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa na miaka ishirini na kitu, bado anashinda, Kelly akaacha mashindano.

Wadau, sisi tuna msemo, usiache mbachao kwa msala upitao. Naamini na kwao wako waliomwambia hivyohivyo kwa lugha yao. Mchezo ndo kwanza unakua. Miaka michache mbele ungeingia Olimpiki, na kweli uliingia mwaka 1998 huko Nagano, Japani. Pesa ilikuwa inakuja. Na wakati ule mchezaji wa ubao alilipwa kwa kushinda, hakukuwa na kazi ya kuteleza tu porini na kulipwa.

Yeye akaitengeneza hiyo kazi. Akaanza kwenda milimani na wapiga picha, kwenye theluji ya unga, mbali na njia. Burton hawakumtupa, waliendelea naye. Picha na video zake zikawa zinaleta wateja kuliko medali. Kumbe watu wengi hawakuwa na hamu ya kuwa mabingwa, walikuwa na hamu ya kuwa pale alipo yeye, peke yake kwenye mteremko mweupe. Leo kuna vijana kibao wanaoishi kwa kazi hiyo bila kuvaa namba ya mashindano kifuani. Mlango huo yeye ni mmoja wa walioufungua. Terje Haakonsen wa Norway, ambaye wengi wanamhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kupanda ubao, alimchukulia Kelly kama kaka mkubwa wa mchezo, na mwaka 1998 naye akaigomea Olimpiki.

Kwa nini aliacha? Ukiangalia maisha yake yote unaona jibu. Baiskeli aliiacha alipoijua. Chuo akakiacha. Mashindano nayo akafika mahali hayana jipya la kumfundisha. Ile njia iliyoshindiliwa alikuwa ameimaliza. Theluji ya unga haiishi, kwa sababu kila siku ni nyingine: upepo umehama, jua limepiga upande huu, jana palikuwa salama na leo si salama. Ukiipenda lazima uwe mwanafunzi wake.

Mimi hapo ndipo kisa hiki kiliponishika. Nilipomaliza kidato cha nne kila mtu alikuwa na njia ya kunionyesha, ishanyooshwa, wengine wameshapita. Siwalaumu, walinipenda. Lakini najua ile hali ya kusimama kwenye njia iliyonyooshwa huku macho yako pembeni.

ANARUDI DARASANI

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kelly alizidi kuyatoa maisha yake kwenye kelele. Alifanya safari ndefu ya gari kuelekea kusini mpaka Amerika ya Kusini pamoja na mwenzi wake, wakajaliwa mtoto wa kike. Wakaweka makazi upande wa Nelson, mji wa milimani katika jimbo la British Columbia, Kanada. Pale karibu na Nelson alishiriki siku za mwanzo za Baldface, kambi ya mlimani ambako watu hupelekwa kwenye theluji ya unga.

Akabadilisha hata chombo. Mtu wa ubao ana shida moja akiwa porini: kushuka anaweza, kupanda hawezi, maana miguu yote imefungwa pamoja. Wa skii anabandika chini ya skii zake kitambaa chenye manyoya yaliyolala upande mmoja, kinateleza kwenda mbele lakini kinagoma kurudi nyuma, anapanda mlima taratibu kama anatembea. Dawa ya watu wa ubao ikawa ubao unaogawanyika katikati. Wakati wa kupanda unakuwa vipande viwili kama skii, mkifika juu unaviunganisha, unashuka kama kawaida. Saa tatu unapanda, dakika kumi umeshuka. Kelly akaupenda sana mpango huo. Bingwa wa dunia aliyezoea kupandishwa kwa viti na helikopta sasa anapanda kwa jasho lake.

Halafu akaamua awe mwongozaji wa milima. Na si kwa maneno, kwa vyeti. Mafunzo ya waongozaji ya Kanada ni magumu na yanachukua miaka, na wakati huo yalijengwa kwa ajili ya watu wa skii. Mtu wa ubao alionekana kama kichekesho. Atavukaje sehemu tambarare? Ataokoaje mteja kwa haraka? Kelly ilibidi awathibitishie kwamba inawezekana, na akakubaliwa kuanza, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa wa ubao kuingia njia hiyo.

Huko ndiko watu wanafundishwa kuisoma theluji. Unachimba shimo kwenye mteremko, unakata ukuta wake uwe wima, unayaona matabaka kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Unagusa kila moja kwa kidole, hili gumu, hili laini, hili lina chembechembe kama sukari, haligandani na kitu. Halafu unakata nguzo ndogo ya theluji, unalaza sepetu juu yake, unagonga. Mara kumi kwa kiganja ukitumia kifundo cha mkono, mara kumi kutoka kwenye kiwiko, mara kumi kutoka begani. Unahesabu imekatika pigo la ngapi na kwenye tabaka lipi. Ikikatika mapema, ujue mlima umekwambia rudini nyumbani. Na kila mtu anavaa kifuani kifaa cha kutoa ishara ili akifukiwa atafutwe, anabeba sepetu na fimbo ndefu ya kuchomea theluji, maana mtu aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi hivi ana nafasi nzuri ya kuishi, zikizidi nafasi inashuka haraka mno.

Kwa hiyo wale wanaodhani alikuwa mtafuta msisimko asiyejali, hapana. Mtu mwenye ubingwa wa dunia mara nne alikuwa anapiga magoti kwenye shimo la theluji na daftari, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

JANUARI 2003

Majira ya baridi ya 2002 kuingia 2003 yalianza vibaya magharibi mwa Kanada. Mwezi Novemba mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda, likatokea tabaka gumu kama kioo. Kisha baridi kavu ikatengeneza zile chembe za sukari pale pale. Theluji mpya ikaja juu yake, wiki baada ya wiki, mpaka tabaka lile bovu likawa limefukiwa chini sana ambako kuligundua ni shida na kuliamsha ni hatari.

Tarehe 20 Januari 2003, katika milima ya Selkirk karibu na mji wa Revelstoke, kundi la watu wapatao 20 lilikuwa linapanda kwa skii, pamoja na wachache wenye mbao zinazogawanyika. Kelly alikuwa mmoja wao. Hakuwa kiongozi wa msafara. Alikuwa bado katikati ya mafunzo yake, anajifunza kwa waliomtangulia. Walikuwa na waongozaji, walikuwa na vifaa vyote, na hakukuwa na vijana waliolewa wala watu wasiojua wanachofanya.

Wakiwa wanapanda, mteremko ukakatika juu yao. Watu 13 walibebwa. Wenzao ambao hawakuguswa walianza kuchimba hapohapo, na baadhi wakatolewa hai. Watu 7 walikufa. Craig Kelly alikuwa na miaka 36, na aliacha binti mdogo.

Kabla nchi haijamaliza kulia, tarehe 1 Februari 2003, haikufika hata wiki mbili, poromoko jingine likaua wanafunzi 7 wa sekondari waliokuwa kwenye safari ya shule upande wa Rogers Pass, eneo hilohilo la milima. Hapo Kanada ikashtuka. Vikawepo vikao, ripoti na maswali magumu, na mwaka 2004 kikaanzishwa kituo cha taifa cha maporomoko ya theluji, kinachotoa taarifa za hatari kwa wananchi ili mtu wa kawaida apate habari kabla hajatoka nyumbani. Ikawa kwamba theluji ile isiyo na mwenyewe, sasa angalau kuna anayeisoma kwa sauti.

TUMEJIFUNZA NINI

Baada ya kifo chake watu waligawanyika, na mpaka leo wamegawanyika. Wako wanaosema angebaki kwenye mashindano angekuwa hai, tajiri, anatia saini kofia za watoto. Wako wanaosema alikufa akifanya anachokipenda, na hilo linatosha. Mimi, kwa akili yangu ndogo, sikubaliani na upande wowote.

Hili la kufa akifanya anachokipenda mimi linanikera kidogo. Binti yake hakulelewa na mapenzi ya baba yake kwa theluji. Kifo ni kifo, tusikipake sukari.

Lakini na wale wa upande wa kwanza wanasahau kitu. Njia iliyoshindiliwa si salama kwa sababu mlima ni mpole. Ni salama kwa sababu kuna mtu aliyekesha. Kuna dereva wa lile katapila, kuna watu wa doria wanaoamka alfajiri kulipua baruti kwenye miteremko ya juu ili theluji mbovu ianguke kabla wateja hawajafika. Anayeteleza pale anafaidi kazi ya wengine, wala si kosa, na wala haimfanyi mwoga. Kosa ni kutoka pale na kuingia kwenye unga ukidhani bado kuna aliyekesha kwa ajili yako. Kila mwaka wako wanaokufa hivyo, hatua chache tu nje ya kamba, bila sepetu, bila kifaa, bila kumwambia mtu.

Kelly hakufanya hivyo. Alipotoka kwenye njia alielewa kwamba ile kazi ya kukesha sasa ni yake, ndo maana akarudi darasani. Na alitaka cheti kile ili aje kukesha kwa ajili ya wengine pia, wenye mbao kama yeye, ambao hawakuwa na mwongozaji wa aina yao. Wazee wetu walisema maji usiyoyafika hujui wina wake. Yeye alikuwa anaupima ule wina, kwa kipimo sahihi, na siku ile maji yalikuwa marefu kuliko kipimo cha wote waliokuwepo. Elimu inapunguza hatari, haiimalizi. Ukweli huo haufurahishi, lakini ni bora kuujua.

Alichoacha kinaonekana. Watu wa ubao wanaosomea uongozaji wa milima si kichekesho tena. Ubao unaogawanyika, ambao enzi zake ulikuwa wa watu wachache, sasa unauzwa kila mahali. Na mwaka 2021 yakaanza mashindano makubwa ya ubao yanayofanyika kwenye theluji ya unga milimani, si kwenye mfereji uliochongwa, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Baldface, ile kambi ya karibu na Nelson. Yaani mashindano aliyoyakimbia yamepanda mlima yakamfuata mpaka kwake.

Haya wadau, nimemaliza. Nirudi kwenye swali langu la mwanzo. Mtu akiwa bingwa kwenye njia iliyonyooshwa, abaki pale au atoke akaanze upya mahali ambapo hakuna aliyemkeshea? Na kama ana mtoto mdogo nyumbani, jibu lako linabadilika? Wenzetu mlioko huko Ulaya, Marekani na Kanada ambao mmeshapanda huo ubao, hebu tuambieni na nyie, unga au njia? Uwanja ni wenu, toeni maoni hapo chini, ila tusitukanane.